Mbwa mwenye pua kali hatoshi, mwenye kumshika kamba naye lazima asome

Tangu zamani, wawindaji wa pori la Kongo humfungia mbwa kengele ya mti shingoni, ili wajue aliko ndani ya majani. Kazi hiyo haina cheti. Kijana anafuata mzee porini, anaangalia, na kisha anajaribu mwenyewe. Mbwa akikosea njia, nyama anakimbia na watu wanarudi mikono mitupu. Hasara inaishia hapo.

Lakini kuna kazi nyingine ambamo kosa la mbwa linaweza kumfikisha mtu gerezani. Ndiyo maana, mbele ya kusifu mbwa, inafaa kuuliza: mwenye kumfundisha, yeye alifundishwa na nani?

Somo la Virunga

Mfano wa karibu uko Rumangabo, teritwari ya Rutshuru, kwenye makao makuu ya mbuga ya Virunga. Mwaka 2011 mbuga ilianzisha kikosi cha mbwa wa kufuata harufu, aina ya bloodhound, wale wenye masikio marefu. Aliyeongoza mafunzo ni Marlene Zähner, munganga wa nyama kutoka Uswisi. Mbwa hawakufundishwa peke yao. Walinzi wa mbuga nao walikaa darasani: namna ya kumlisha mbwa, kumtunza, na kusoma mwendo wake akiwa kwenye harufu.

Mwezi wa 3 mwaka 2012, tembo alikutwa ameuawa na pembe zimekatwa. Mbwa walipelekwa pale, wakafuata harufu kama kilomita 7, mpaka kwenye kijiji kidogo cha wavuvi.

Hapo ndipo ugumu wenyewe unaonekana. Kijijini kuna baba, mama, watoto na wageni. Mlinzi asiyesoma vizuri atasema «mbwa amefika hapa, basi wote ni wahalifu». Mwenye kufundishwa anajua kwamba harufu inaonyesha njia tu; kuhukumu ni kazi ya wengine, tena kwa ushahidi mwingine. Jambo hili linawahusu wakaaji wa Masisi na Walikale pia, sababu mbuga ya Virunga inagusa Masisi, na ile ya Kahuzi-Biega inaingia mpaka Walikale.

Mbwa anamsoma bwana wake

Kuna kosa lingine ambalo macho hayaoni haraka. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 huko California, Marekani, ulichukua watu 18 pamoja na mbwa wao wa kutafuta dawa za kulevya na baruti. Waliingizwa ndani ya kanisa moja, wakaambiwa kuna harufu iliyofichwa, na kwamba pengine imewekewa karatasi nyekundu. Kumbe hakukuwa na kitu chochote. Hata vile, katika misako 144, ni 21 tu iliyoisha bila mtu kusema mbwa wake amegundua kitu. Penye karatasi nyekundu ndipo makosa yalizidi.

Yaani mbwa anaangalia bega, mkono na mwendo wa bwana wake. Bwana akisimama kidogo mbele ya mzigo wa mtu anayemshuku, mbwa naye anaweza kukaa chini. Tena bwana mwenyewe anaweza kuona alama ambayo mbwa hakuitoa. Hapo hakuna mwenye kudanganya kwa makusudi, lakini asiye na hatia anaumia.

Cheti hakimalizi masomo

Hata Marekani na Uingereza, mtu anaweza kujiita mfundishaji wa mbwa bila sheria kumdai cheti. Ndiyo maana wenyewe wa kazi walijiwekea mitihani. Baraza la CCPDT la Marekani, kwa mfano, linatoa cheti cha miaka 3. Baada ya hapo lazima mtu aonyeshe kwamba ameendelea kusoma, ama arudie mtihani.

Katika kazi ya kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini, kanuni za kimataifa zinataka mbwa na mwenye kumshika wapimwe pamoja. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha panya kazi hiyohiyo kwa miezi karibu 9, na panya asiyefaulu mtihani haendi uwanjani. Pua isiyofanya mazoezi inasahau, na mkono unazoea vibaya.

Pia kuna afya. Mwenye kufundisha mbwa lazima ajue kichaa cha mbwa: chanjo ya mbwa kila inapohitajika, na mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kutafuta chanjo, bila kungojea dalili.

Maswali ya kuuliza

Anapokuja mtu na mbwa wa ulinzi au wa msako, wakaaji na wakubwa wa kijiji wanaweza kumuuliza kwa heshima:

– Ulisoma wapi, na nani alikupima?
– Mara ya mwisho wewe na mbwa huyu mlipimwa lini?
– Mnafanya mazoezi mara ngapi kwa juma?
– Mbwa amepata chanjo? Karatasi iko wapi?
– Mbwa akikosea, mnafanya nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Mwenye kujibu «mbwa wangu hakosei» bado hajamaliza masomo.