Walabi wa Parma na Kisiwa cha Kawau

Walabi aitwaye parma ni jamaa mdogo wa kangaruu, ambaye uzito wake hauzidi kilo 6. Makao yake ya asili ni misitu yenye unyevu iliyo katika miteremko ya mashariki ya milima ya New South Wales, nchini Australia. Mchana hujificha katika vichaka vizito chini ya mikaratusi. Usiku hutoka kula majani mahali palipo wazi, lakini haendi mbali na maficho yake. Mnyama wa tabia hiyo, akiondolewa kichaka, ameondolewa uhai.

Ndivyo ilivyotokea. Walowezi walifyeka misitu wapate malisho, na mbweha na paka walioletwa kutoka Ulaya wakaenea. Parma akatoweka machoni pa watu, hata wataalamu wakamhesabu miongoni mwa viumbe waliokwisha duniani.

Lakini mwaka wa 1862 Sir George Grey, aliyekuwa Gavana wa New Zealand, alikuwa amenunua kisiwa cha Kawau, karibu na Auckland. Grey alipenda mno kukusanya vitu vya nchi za mbali: miti, ndege, hata punda milia. Yapata mwaka wa 1870 alileta walabi wa namna mbalimbali, na parma alikuwamo. Hakukusudia kumwokoa mnyama yeyote; alikuwa akipamba kisiwa chake, na katika kukipamba alikiharibu. Mwaka wa 1888 alikiuza. Walabi walibaki, wakazaana, wakala miche na majani mpaka ardhi chini ya miti ikawa tupu, na ikaamuliwa waangamizwe.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, mwaka wa 1965, ilitambulikana kwamba baadhi ya waharibifu hao walikuwa parma. Mauaji yakasitishwa kwa muda. Wanyama wakanaswa na kupelekwa Australia na katika bustani za wanyama za nchi nyingine. Mwaka wa 1967 parma wengine wakaonekana msituni karibu na Gosford, katika New South Wales kwenyewe. Kumbe hawakuwa wamekwisha. Walikuwa hawajatafutwa vema.

Tangu hapo Kawau haikuwa tena kimbilio la pekee, na parma wa kisiwani wakarudia kuhesabiwa waharibifu. Wenzao wa Australia wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini, na mbweha angali huko.