Wanafunzi kwa Wanafunzi: Miaka 150 ya Umoja wa Kikristo wa Cambridge

Machi 9, 2027 ndiyo siku ya kutimia miaka 150 tangu kuanzishwa kwa Umoja wa Kikristo wa Vyuo vya Cambridge, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, CICCU. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ni mkusanyiko wa vyuo vingi, kila kimoja na lango lake na mabweni yake, na vingi vikiwa na kanisa lake. Hadi mwaka 1877 vikundi vya maombi vilikuwa vimetawanyika humo, hiki hakijui kile kinafanya nini. Waliovikusanya wakavifanya umoja mmoja walikuwa wanafunzi. Wenye kuuendesha tangu siku hiyo ni wanafunzi, na wanaolengwa na ujumbe wake ni wanafunzi wenzao. Hilo ndilo lililoubeba umoja huu hadi leo, na ndilo lililoufanya uguse maisha yetu huku Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Mizizi yake ni ya zamani kuliko jina. Charles Simeon aliingia King's College mwaka 1779 akiwa na miaka 19, kijana wa farasi na mavazi mazuri, akaarifiwa kwamba kwa kanuni za chuo ni lazima ashiriki Meza ya Bwana. Alishikwa na hofu, kwa kuwa alijua hakuwa tayari. Akajifungia na vitabu na maombi kwa majuma kadhaa, na Pasaka ilipofika alikuwa amempata Kristo, peke yake, bila mtu wa kumwongoza. Mwaka 1782 alikabidhiwa kanisa la Holy Trinity katikati ya mji. Washarika hawakumtaka. Walifunga viti vyao kwa kufuli na kuondoka, wasikilizaji wakabaki kusimama kwenye njia za katikati. Simeon hakuhama. Alikaa hapo miaka 54, mpaka kifo chake mwaka 1836, na kila Ijumaa jioni aliwakaribisha wanafunzi chumbani mwake wanywe chai na kuuliza maswali yoyote waliyokuwa nayo. Nadhani jioni hizo zilifanya kazi kubwa kuliko mimbari, maana hapo mwanafunzi alijifunza kwamba imani inaweza kuulizwa maswali na isivunjike.

Vijana waliolelewa katika hali hiyo hawakusubiri kutumwa. Mwaka 1827 walianzisha shule ya Jumapili ya Jesus Lane kwa ajili ya watoto wa maskini wa mji. Mwaka 1862 wakaanza mkutano wa maombi wa kila siku. Kati ya miaka hiyo, Desemba 4, 1857, David Livingstone alisimama mbele yao katika jengo la Seneti akawaambia habari za Afrika na biashara ya watumwa. Matunda ya hotuba hiyo ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyohamia Unguja mwaka 1864 na kujenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Misheni hiyo ilifuata mapokeo mengine ya Kianglikana, si ya wana wa Simeon, lakini wito ulitoka katika mji uleule.

Umoja ulipokuwa na miaka mitano, mwenyekiti wake, Kynaston Studd, alimwalika mhubiri Mmarekani D. L. Moody. Ulikuwa mwaliko wa kijasiri. Moody hakuwa msomi. Aliwahi kuuza viatu, na Kiingereza chake kilikuwa cha mtaani. Jumapili ya Novemba 5, 1882, wanafunzi wapatao 1,700 walijaa ukumbi, wengi wao wakiwa wamekuja kufanya fujo. Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na Moody, alipomaliza wimbo walipiga kelele arudie, kama wako kwenye tamasha. Moody alipohubiri habari za Danieli, kila alipolitaja jina hilo kwa matamshi yake ya Kimarekani ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Aliendelea hadi mwisho bila kukasirika.

Kesho yake mmoja wa vinara wa fujo, Gerald Lander wa chuo cha Trinity, alikwenda hotelini kumwomba radhi. Moody alimpokea vizuri, kisha akamwambia kwamba kama kweli ametubu, aonekane mkutanoni. Siku chache baadaye, katika ukumbi wa mazoezi ya viungo, Moody aliwaomba wanaotaka kumpokea Kristo wapande ngazi ya chuma kwenda roshani ya juu, mbele ya macho ya wote. Ngazi ile haikuwa na mahali pa kujificha. Kila hatua ililia. Pakawa kimya. Kijana mmoja akainuka, nusu ya uso ameifunika kwa joho lake, akapanda. Akafuata mwingine, kisha wengine wengi. Lander naye aligeuka kabisa, na baadaye akawa askofu Hong Kong.

Mapema mwaka 1885, vijana waliofahamika kama Saba wa Cambridge waliondoka kwenda China kuwa wamisionari. Miongoni mwao alikuwemo C. T. Studd, mdogo wake Kynaston, mchezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya Uingereza, aliyegawa urithi wake wote. Magazeti ya Uingereza yalishangaa. Sisi habari yake inatuhusu zaidi kwa sura yake ya mwisho: mwaka 1913, afya ikiwa imedhoofika, Studd aliingia Kongo pamoja na Alfred Buxton, kijana aliyetoka masomoni Cambridge. Alifia Ibambi mwaka 1931, baada ya kutumia miaka yake ya uzeeni kuhubiri na kutafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo.

Halafu ikaja miaka ya uchungu. Mwaka 1910 umoja ulijitenga na Chama cha Wanafunzi Wakristo cha Uingereza, ambacho wenyewe walikuwa wamekisaidia kukua. Chama kilikuwa kimefungua milango kwa mafundisho mapana zaidi kuhusu Biblia na msalaba. Cambridge ikakataa kufuata, ikabaki kikundi kidogo kilichobezwa. Vita vya 1914 vikakipunguza zaidi. Mwaka 1919 pande mbili zilikaa kuzungumzia kurudiana. Norman Grubb, wa upande wa umoja, aliyekuwa ametoka vitani, aliuliza swali moja: je, damu ya Yesu ya upatanisho ndiyo kiini cha ujumbe wenu? Jibu alilopewa ni kwamba ina nafasi yake, ila si kiini. Mazungumzo yakaishia hapo. Wapo wanaoona kwamba vijana wale walikuwa na shingo ngumu, na kweli utengano ule uliwaumiza watu wema wa pande zote mbili. Mimi naamini waliuliza swali lililostahili kuulizwa. Mwaka uleule walishiriki kuitisha mkutano wa kwanza wa vyuo vikuu uliozaa ushirika wa kitaifa wa 1928, na Grubb mwenyewe akaenda Kongo kumsaidia Studd.

Kipindi hichohicho cha udogo na kubezwa ndicho kilichotuletea sisi zawadi kubwa kuliko zote. Madaktari wawili waliosoma Cambridge, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, ndio walioanzisha misheni ya Rwanda. Stanley Smith alizaliwa China, mtoto wa mmoja wa wale Saba. Mwaka 1928 akafika hospitali ya Gahini, huko Rwanda, daktari mwingine kijana, Joe Church wa Emmanuel College, akiungwa mkono na CICCU. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi. Walisoma Maandiko pamoja, wakatubu, wakaomba. Kutoka urafiki huo uliwaka moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliovuka Rwanda na Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940. Church alikwenda kuomba pamoja na Nsibambi, akawa yeye anayepokea. Watu waliotembea usiku kurudisha mali walizoiba, ndugu waliotubiana mbele ya kanisa zima, Waafrika na wazungu wakikaa benchi moja kama jamaa: hayo hayakupangwa katika bweni lolote la Cambridge.

Baada ya vita vya pili umoja ulikua tena. Mwaka 1947 ushirika wake wa kitaifa ulikuwa miongoni mwa waasisi wa Ushirika wa Kimataifa wa Wanafunzi wa Kiinjili, ambao leo TAFES ya Tanzania na FOCUS ya Kenya ni wanachama wake. John Stott, aliyesoma Trinity, aliongoza juma la mahubiri Cambridge mwaka 1952. Mwaka 1955 akaalikwa Billy Graham, na gazeti la The Times likajaa barua za kubishana iwapo mahubiri ya aina yake yanawafaa wasomi. Siku za mwanzo Graham alijaribu kuhubiri kisomi na hakufika mbali. Alipoliacha hilo na kurudi kwenye msalaba kwa lugha nyepesi, watu wakaitikia. Miaka mitano baadaye alihubiri Moshi, Festo Kivengere, mtoto wa uamsho uleule wa Afrika Mashariki, akimtafsiria kwa Kiswahili.

Leo wenye kamati bado ni wanafunzi, na hubadilika kila mwaka. Kila chuo kina kikundi chake cha kusoma Biblia, na kila mwaka lipo juma la mikutano ya wazi, pamoja na chakula cha mchana na nafasi ya maswali. Katika vyama vya namna hii Uingereza, mwanafunzi hutuma swali gumu kwa simu usiku, na wenzake wakamletea mlangoni mkate wa kubanika wenye jibini, wakakaa naye kulijibu.

Nyaraka za Joe Church, barua zake na kumbukumbu za Gahini, zimerudi Cambridge na kuhifadhiwa katika maktaba ya Kituo cha Ukristo Ulimwenguni. Natamani wanafunzi wetu wanaosoma huko wazisome katika mwaka huu wa maadhimisho, na wawasimulie wenyeji wao kumhusu Simeoni Nsibambi.