Aliyesomea Mwani Hakupoteza Wakati

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo wazazi wengi wa mijini huwauliza vijana wao. Ukisha kuisomea hiyo mimea mpaka shahada ya tatu, utakula nini? Daktari wa hospitali anajulikana, wakili anajulikana, mhasibu anajulikana. Lakini huyu anayetumia miaka kadhaa ya fedha za umma akichungulia jani katika hadubini, taifa linamtaka wa nini?

Jibu langu ni la historia, nalo linaanzia baharini.

Watu wa pwani yetu waliujua mwani tangu zamani. Tangu miaka ya 1930 wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wakiununua na kuupeleka ng'ambo, ambako viwanda viliupika na kupata utomvu mzito wa kugandishia vyakula na dawa. Lakini ulikuwa mwani wa kuokota. Bahari ikiutupa ufukweni, watu walipata, isipoutupa, walikaa. Kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imedidimia. Kuilima bahari kama shamba lilikuwa wazo geni, kwa maana huwezi kupanda kitu usichojua kinazaaje.

Wakati huo elimu yetu ya juu ilikuwa changa. Itakumbukwa kwamba Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Kitivo cha Sayansi kilianza mwaka 1965, na chuo kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970. Kijana aliyetaka kuendelea hadi shahada ya uzamivu katika botania alilazimika kuvuka bahari.

Mmoja wa waliovuka ni Keto Mshigeni, mzaliwa wa Upare, yaani mtoto wa milimani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, chuo cha umma cha jimbo hilo la Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1907. Katika Idara ya Botania ya chuo hicho alikuwapo Profesa Maxwell Doty, mtu ambaye miaka hiyo hiyo alikuwa akishirikiana na wavuvi wa Ufilipino kutafuta njia ya kupanda mwani kwenye kamba.

Mshigeni alimaliza mwaka 1974. Nilisomea uandishi wa habari, si sayansi, kwa hiyo nitaieleza kazi yake kwa lugha ya kawaida. Alichunguza jamii ya mwani mwekundu iitwayo Hypnea. Unazaaje? Vijimbegu vyake visivyoonekana kwa macho, viitwavyo spora, vinashika wapi na kuota vipi? Mwamba ukikwanguliwa ukabaki mtupu, mwani unarudi baada ya muda gani? Mpelekee mzazi wa Kariakoo maswali hayo, atakuambia mtoto kapotea.

Hakupotea. Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika juu ya aina za mwani wa pwani yetu na thamani yake, na katika miaka ya 1980 yakafanyika majaribio ya kuupanda. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Hesabu, ndugu msikilizaji: tangu tasnifu hadi kamba ya biashara ni miaka 15. Hakuna bajeti ya mwaka mmoja ingeweza kuiona faida hiyo.

Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya yote. La hasha. Mbinu ilitoka kwa wavuvi wa Ufilipino, mtaji ukatoka kwa makampuni, na jasho likatoka kwa akina mama wa Unguja na Pemba. Maji ya bamvua yakishakupwa, wao ndio waliopigilia vigingi mchangani, wakafunga kamba na kuning'iniza vipande vya mwani, wakavuna baada ya wiki sita hivi na kuanika. Wengi walikuwa wakiishi kwa kuchokoa pweza na kufukia makumbi. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka. Fedha ya mwani ikalipa ada na sare za shule, ikaezeka nyumba kwa bati, na kwa mara ya kwanza mama akawa na fedha asiyoiomba kwa mtu. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wanawake.

Sasa naja kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, ilianza kufa mashambani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maji ya kina kifupi yamezidi joto. Ncha za mwani hugeuka nyeupe, zikalainika na kukatika. Aina inayostahimili zaidi, spinosamu, bei yake ni ndogo mno. Kotonii ingeweza kuhamishiwa maji ya kina kirefu, lakini akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea, wala hawana vyombo.

Na tazama chanzo kimoja cha udhaifu huo. Mwani hupandwa kwa kukata vipande, kama muhogo. Kipande huzaa kipande, mwaka baada ya mwaka, na vyote ni damu moja kutoka mbegu ile ngeni. Ugonjwa ukikipata kimoja, umevijua vyote. Lakini bahari yetu ina mwani wa asili wenye nasaba tofauti na ule wa kuletwa. Je, unaweza kuzalishwa kwa spora, tukapata mbegu mpya inayovumilia joto? Swali ni lile lile: mwani unazaaje? Swali lililoonekana la anasa mwaka 1974 ndilo leo linaloamua kama mama wa Jambiani atavuna.

Wapo wanaolishughulikia. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu mwaka 1978. Hapo Dakta Flower Msuya amefanya kazi miaka mingi pamoja na wakulima, akijaribu nyavu za kupandia katika maji ya kina kirefu na kuwafundisha kutengeneza sabuni ya mwani, badala ya kuuza mzigo mkavu tu. Lakini mtafiti mmoja mmoja hawatoshi kwa pwani ndefu kama yetu.

Kwa hiyo, mzazi, kijana wako akikuambia anataka kusomea mimea, usimcheke. Muulize anataka kujua nini. Nanyi mnaogawa fedha za masomo ya juu, msidai mavuno ya msimu mmoja kwa mbegu ya miaka 15. Neno lenyewe uzamivu latokana na kuzama, na anayezama hatuwezi kumvuta juu kila dakika tukimuuliza amepata lulu ngapi.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo.