Sajili za Majina ya Spishi: Kutoka Karatasi za Hebaria hadi Hifadhidata

Hifadhidata ya majina ya viumbe, yaani taarifa zilizopangwa katika kompyuta ili ijulikane kila mmea au mnyama huitwaje, nani aliupa jina hilo na lini, huonekana kuwa kazi nyepesi kuliko nyingi za biolojia, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kila spishi ina jina moja la Kilatini na kwamba jedwali lenye mstari mmoja kwa kila jina litatosha. Dhana hiyo iliongoza sajili nyingi za awali za kompyuta, nayo ilizisumbua sana. Jina la kisayansi ni kumbukumbu ya tukio: mtu fulani, katika chapisho fulani la tarehe fulani, aliunganisha maneno ya Kilatini na ushahidi uliokuwa mbele yake. Uamuzi kwamba mmea wa leo uitwe kwa jina hilo ni jambo la pili, nao ni rai ya mtaalamu, ambayo mtaalamu mwingine anaweza kuikataa bila kulivunja lile la kwanza. Hebaria, yaani maktaba za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, zilikuwa zikiyatenganisha mambo haya mawili muda mrefu kabla kompyuta hazijabuniwa. Sehemu kubwa ya historia inayofuata ni ya namna utaratibu huo ulivyosahauliwa na kisha kujengwa upya.

Mfumo wa majina ya maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi na la pili likiitofautisha spishi ndani ya jenasi hiyo, ulienezwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Majina ya mimea huhesabiwa kuanzia kitabu chake cha 1753, na yale ya wanyama kuanzia toleo la kumi la kitabu chake kingine, la 1758. Baada ya karne moja ya vurugu, ambamo mmea mmoja uliweza kubeba majina matano katika nchi tano, Alphonse de Candolle aliwasilisha kanuni za majina ya mimea katika mkutano wa Paris mwaka 1867. Nguzo mbili zikasimama polepole: jina lililotangulia kuchapishwa kihalali ndilo lenye haki, na kila jina hufungwa kwenye sampuli kigezo, yaani mmea mmoja halisi uliohifadhiwa, ambao jina huufuata popote wataalamu watakapouhamishia. Sampuli kigezo haiwakilishi sura ya kawaida ya spishi yake. Inaweza kuwa tawi dogo lililoliwa na wadudu. Kazi yake ni kulishikilia jina mahali pamoja wakati mipaka ya spishi inapopanuka au kupungua.

Historia ya dughulushi, ua dogo la majani yenye vinyweleo linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya milima ya Usambara, inaonyesha jinsi kanuni hizo zinavyofanya kazi na jinsi zinavyomchosha mtunza sajili. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo hilo, aliukusanya mmea huo na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani, nao ukafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuandika kuwa jenasi mpya yenye spishi moja, Saintpaulia ionantha. Baadaye Engler wa Berlin aliongeza S. grotei, na B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh akaongeza spishi nyingi zaidi, zikiwemo S. teitensis ya milima ya Taita na S. rupicola ya miamba ya chokaa ya Kilifi, hata idadi yake ikakaribia 20. Mwaka 2006, katika kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda iliyochapishwa kwa sehemu sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, Iain Darbyshire alizipunguza hadi sita, akiiweka S. rupicola chini ya S. ionantha kama spishi ndogo. Hatimaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba dughulushi ni tawi lililochipuka ndani ya Streptocarpus, jenasi iliyopewa jina mwaka 1828. Kwa kuwa jina hilo ni la zamani zaidi, ndilo lililobaki. Mwaka 2015 Saintpaulia ikashushwa kuwa sehemu tu ya jenasi hiyo.

Jina la leo la ua la Wendland huandikwa kwa ukamilifu hivi: Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh. Mabano yanamtaja mtu wa kwanza aliyelitunga neno la pili, na jina linalofuata ni la aliyelihamishia jenasi mpya mwaka 2012. Kila aliyeandika hivyo alikuwa, bila kutumia istilahi ya kompyuta, anaunganisha rekodi mbili kwa kiungo, ile mpya ikielekeza kwenye jina-msingi. Mwisho wa neno la pili nao umebadilika kutoka -a kuwa -us, kwa sababu Streptocarpus ni neno la jinsia ya kiume katika Kilatini. Badiliko hilo la herufi chache ni kero kubwa: programu inayotafuta kwa kulinganisha herufi tu itayahesabu majina hayo mawili kuwa hayana uhusiano.

Kwenye karatasi tatizo hili lilikuwa limetatuliwa kwa njia ya unyenyekevu. Mtaalamu anayechunguza sampuli ya hebaria na kuona kwamba imeitwa vibaya hafuti kilichoandikwa na mwenzake, bali hubandika pembeni kijikaratasi chenye jina analoliona kuwa sahihi, jina lake mwenyewe na mwaka. Sampuli moja ya zamani inaweza kuwa na vijikaratasi vinne au vitano, na msomaji akapata humo mfululizo wa rai zote pamoja na wenye rai hizo. Thamani ya utunzaji huo ilionekana wazi usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, hebaria ya Berlin ilipoungua kwa mashambulizi ya ndege na sampuli kigezo nyingi za mimea ya Afrika Mashariki ya Kijerumani zikateketea. Majina hayakufa pamoja nazo, kwa sababu sehemu ya mimea hiyo ilikuwa imekusanywa kwa nakala, na baadhi ya nakala zilikuwa zimebaki Amani, katika taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Usambara Mashariki. Hebaria hiyo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Nakala ya Nairobi huweza kuchukua nafasi ya ile iliyoungua Berlin ikiwa tu namba ya mkusanyaji, tarehe na mahali vimeandikwa, na kwa sababu hiyo sajili makini ya leo hutenga jedwali la tukio la ukusanyaji na jedwali la karatasi zilizotokana nalo.

Upande wa vitabu, hatua kubwa ilitoka bustani ya mimea ya Kew, London. Charles Darwin, aliyefariki mwaka 1882, aliacha fedha za kugharamia orodha ya majina yote ya mimea yenye maua, na kazi hiyo ikafanywa na Benjamin Daydon Jackson chini ya uangalizi wa Joseph Hooker, ikachapishwa kati ya 1893 na 1895 kwa jina la Index Kewensis. Kwa wanyama, Charles Davies Sherborn alifanya kazi ya namna hiyo karibu peke yake, akaimaliza miaka ya 1930. Katika toleo la kwanza la Kew yaliyodhaniwa kuwa visawe, yaani majina ya ziada ya mmea wenye jina lingine linalokubalika, yalichapwa kwa herufi za mlazo ili msomaji asiyatumie. Baadaye wahariri waliiacha desturi hiyo, wakabaki kuandika tu jina, mtunzi na mahali lilipochapishwa. Uamuzi huo, ambao wakati ule huenda ulionekana kuwa wa kujipunguzia kazi, ulikuwa na busara kuliko miundo mingi iliyofuata, kwa kuwa uliondoa rai katika orodha ya matukio.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alichapisha nadharia ya kupanga taarifa katika majedwali yanayounganishwa kwa funguo, ufunguo ukiwa thamani inayoutambulisha mstari mmoja tu. Chombo cha kutosha kikawa kimepatikana, lakini hakikutumiwa vizuri mara moja. Makosa mawili yalijirudia. Kwanza, jina lenyewe lilifanywa ufunguo, hivyo kila badiliko la jenasi lilivunja viungo vyote vilivyolitegemea. Pili, badiliko lilipotokea, jina jipya liliandikwa juu ya la zamani, kana kwamba dughulushi haikuwahi kuitwa Saintpaulia na maelfu ya machapisho yenye jina hilo hayakuwahi kuwapo. Hapa kompyuta ilirudi nyuma ya kijikaratasi cha hebaria. Kosa la kwanza lilirekebishwa kwa kulipa kila jina namba isiyo na maana yoyote na isiyobadilika. Mwaka 1999 sajili ya Kew, ile ya Chuo Kikuu cha Harvard na ile ya Australia ziliunganishwa kuwa Fahirisi ya Kimataifa ya Majina ya Mimea, ambayo kwa msimamo ule ule wa wahariri wa Kew hutaja jina lililochapishwa na haisemi lipi likubaliwe. Rai ziliachiwa orodha nyingine, na ukubwa wa kazi yake ulionekana mwaka 2013, wakati orodha moja ya dunia ya mimea ilipofikisha majina ya spishi zaidi ya milioni 1, yaliyokubalika kati yake yakiwa takriban 350,000 tu.

Kosa gumu zaidi halikuhusu majina yanayobadilika, bali majina yanayobaki vilevile huku maana yake ikibadilika. Ndovu wa Afrika kwa muda mrefu aliitwa Loxodonta africana, neno la pili likitokana na maelezo ya Blumenbach ya 1797. Mwaka 1900 Paul Matschie alimpa ndovu wa misitu jina la cyclotis, ambalo kwa miongo mingi lilichukuliwa kuwa la spishi ndogo, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2001 ulipotoa hoja kwamba ndovu wa misitu na ndovu wa nyika ni spishi mbili. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilizitathmini kwa mara ya kwanza kama spishi mbili mwaka 2021, likamweka ndovu wa misitu katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Tangu hapo Loxodonta africana inamaanisha wanyama wachache kuliko zamani, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Rekodi ya miaka ya 1970 kutoka bonde la Kongo yenye jina hilo haiwezi kusahihishwa na programu yoyote bila kujua mwandishi wake alimaanisha nini, na mpakani mwa Kongo na Uganda, ambako aina hizo mbili huzaliana, hata kujua mahali hakutoshi.

Jibu lililokubalika zaidi lilitolewa mwaka 1995 na Walter Berendsohn wa bustani ya mimea ya Berlin, taasisi ileile iliyopoteza hebaria yake vitani. Alipendekeza kwamba kipande cha msingi cha hifadhidata kisiwe jina, bali jina pamoja na chapisho linaloeleza limetumiwa kwa maana gani. Kwa mpango huo Saintpaulia ionantha ya Burtt na Saintpaulia ionantha ya Darbyshire ni rekodi mbili zinazoelekeza kwenye jina moja, na uhusiano wao huandikwa waziwazi kwa lugha ya hisabati ya seti: maana mbili zinaweza kuwa sawa, moja ikawa ndani ya nyingine au ikaizunguka, zikapishana kwa sehemu, au zisikutane kabisa. Hapa dughulushi ya Burtt imo ndani ya ile ya Darbyshire, lakini si kinyume chake. Tofauti hiyo inagusa maisha ya mmea porini, kwa sababu takwimu za uhifadhi zinazohesabu majina tu zinaweza kuonyesha kwamba dughulushi ya Kilifi imetoweka kwenye orodha ya spishi, ilhali kilichobadilika ni cheo chake. Muundo huo ni sahihi, lakini ni ghali: unamtaka mtu asome vitabu na kulinganisha, kazi ambayo taasisi chache hulipia, na ndiyo maana sajili nyingi hadi leo huuheshimu kwa maneno na kuendelea kuhifadhi jina tupu.

Migunga imeonyesha kwamba hata kanuni zenyewe zinaweza kuigeuza maana. Acacia ilipewa hadhi ya jenasi na Philip Miller mwaka 1754, ikiwa na sampuli kigezo ya spishi ya Afrika na Asia. Ilipodhihirika kwamba jenasi hiyo lazima igawanywe, wanabotania waliokutana Vienna mwaka 2005 waliruhusu kigezo kihamishiwe spishi ya Australia, ambako kuna spishi karibu 1,000. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini hazikufika asilimia 60 zilizohitajika, na mkutano wa Melbourne wa 2011 ukaacha uamuzi usimame. Mgunga wenye gome la manjano wa kandokando ya ziwa Naivasha, ambao mwanabotania Brenan aliuorodhesha mwaka 1959 kwa jina la Acacia xanthophloea, sasa ni Vachellia xanthophloea, na Acacia ni jina halali la miti mingine. Anayesoma neno hilo bila mwaka na mwandishi hawezi kujua ni miti ipi inayotajwa.

Mwezi Julai 2024, mkutano wa Madrid uliamua kwamba neno caffra na jamaa zake, yaliyotokana na tusi la kibaguzi kwa Waafrika, yaandikwe affra katika majina zaidi ya 200 ya mimea, kuvu na mwani, hivyo mbamba-ngoma wa kusini mwa Afrika, Erythrina caffra, ukawa Erythrina affra. Mmea haukubadilika, wala mipaka ya spishi, wala mtunzi wa jina. Katika sajili ambazo ufunguo wake ni jina, kila rekodi ya sampuli, picha na mbegu yenye tahajia ya zamani ilibidi itafutwe na kuandikwa upya. Katika zile ambazo ufunguo wake ni namba, ulirekebishwa mstari mmoja kwa kila jina, na tahajia ya zamani ikahifadhiwa pembeni pamoja na tarehe ya kuachwa kwake.