Cheti cha daktari hakivuki mpaka: historia fupi ya bangi kama dawa

Tuseme una ndugu London. Daktari wake kamwandikia mafuta ya bangi kwa maumivu sugu, cheti anacho, na anataka kuja likizo kwenu Mbagala. Akishuka na kichupa chake uwanja wa Julius Nyerere kuna shida? Ipo, tena kubwa, na mizizi yake ni mkutano uliofanyika Geneva mwaka 1925.

Kabla ya hapo bangi ilikuwa dawa ya kawaida kwa Waingereza. Daktari William O'Shaughnessy aliichunguza kule Calcutta, akaandika matokeo yake mwaka 1839, na baadaye ikauzwa Ulaya ikiwa imeloweshwa kwenye spiriti. (Hata jina bangi lina asili ya India, limevuka bahari kama pilau.) Kule Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, ndiye aliyeshinikiza iwekwe kundi moja na afyuni.

Mkataba ule haukufuta matumizi ya tiba. Ulileta makaratasi: mzigo uvuke mpaka kwa hati ya serikali ya nchi inayoupokea. Inayoupokea, siyo unakotoka! Utaratibu huo ulitengenezwa kwa wafanyabiashara wa shehena. Mgonjwa mwenye kichupa mfukoni hana pa kusimama humo.

Mkataba wa 1961, mwaka wetu wa Uhuru, ukaibana bangi zaidi. Desemba 2, 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ikapiga kura 27 kwa 25 kuitoa kwenye orodha kali kuliko zote. Mitandaoni watu wakashangilia kwamba imehalalishwa. Wapi! Ilibaki Orodha ya Kwanza, na kila nchi inaamua yenyewe. Uingereza iliruhusu madaktari kuiandika Novemba 2018. Sisi hatujaruhusu.

Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 inalitafsiri neno usafirishaji kwa upana mno: kuingiza nchini, kuhifadhi, hata kumiliki. Mahakama zetu zimeshafunga watu miaka 30 kwa kosa la kusafirisha bangi. Kwa mtazamo wangu, cheti cha London kinaweza hata kumuumiza huyo ndugu, maana kinathibitisha alijua alichobeba. Aandikie DCEA na TMDA apate jibu la maandishi kabla hajakata tiketi, na bila jibu hilo kichupa kibaki London.

Ila usidhani tatizo ni kemikali yenyewe. Methadoni nayo imo Orodha ya Kwanza, na serikali yetu inaitoa kwa waraibu wa heroini: Muhimbili tangu 2011, Mwananyamala kule Kinondoni 2012, Temeke 2014. Mgonjwa anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaenda zake kazini, na hakuna askari wa kumuuliza. Lakini mgonjwa huyohuyo wa Temeke akipanda ndege kwenda Urusi, ambako tiba ya methadoni imepigwa marufuku, atakayekuwa na kesi ya kujibu ni yeye.