Tulikotoka: Historia Fupi ya Kanisa na Kwaya Yetu

Wapendwa, tunapoadhimisha yubile ya miaka 50 ya kwaya yetu, tumeona vyema tukumbushane tulikotoka, kwa maana wengi tunaoimba leo hatukuwepo mwanzoni.

Mmishenari Johann Ludwig Krapf wa CMS alifika Mombasa mwaka 1844. Huku kwetu Bonde la Ufa, kanisa la Anglikana lilienea sana kupitia watu waliokuja kutafuta kazi. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mashamba makubwa ya walowezi yakafuata, na mashamba yalihitaji vibarua. Wakaja Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengine, wakafanya kazi pamoja na Wakalenjin katika ngano, mkonge na pareto. Baadhi yao walikuwa wamebatizwa makwao, pande za Kabete, Maseno na Butere. Kila mmoja alikuja na nyimbo za lugha ya mama yake, lakini kambini jirani hakuielewa lugha hiyo. Ndipo wakaomba na kuimba kwa Kiswahili.

Mwaka 1961 Dayosisi ya Mombasa iligawanywa, na Dayosisi ya Nakuru ikazaliwa, Askofu Neville Langford-Smith akiwa wa kwanza. Mwaka 1970 Kenya ikawa jimbo lenye askofu mkuu wake, Festo Olang'. Wazee wetu hadi leo huliita kanisa hili CPK, ingawa jina lilibadilika kuwa ACK mwaka 1998.

Kusanyiko letu lilianza baada ya uhuru, familia chache zilipopata mashamba madogo. Waliabudu chini ya mgunga, kisha katika darasa la nasari. Kasisi alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine mwinjilisti na wazee waliongoza. Akina mama waliuza mahindi na mayai, harambee ikafanywa, mabati yakapatikana.

Kwaya haikuanzishwa ili kupamba ibada. Ilianza kwa sababu vitabu vya nyimbo havikutosha. Waliojua kusoma walisimama mbele, wakatamka mstari, na kusanyiko likaupokea. Hao ndio waimbaji wetu wa kwanza.

Hatuwezi kuandika historia hii tukaruka Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuka makao ya maelfu ya waliofukuzwa kwao. Kwaya yetu ilitawanyika. Tulipofungua kanisa tena, tulikuwa waimbaji saba, na besi hakuwepo hata mmoja. Tukiri ukweli: hata sisi saba tuliogopana. Watu waliokuwa wakishiriki kitabu kimoja cha nyimbo walikaa mabenchi tofauti.

Katibu wa wakati huo alifanya jambo moja dogo. Kila Jumamosi ya mazoezi aliita majina yote yaliyokuwa daftarini, hata ya waliokuwa kambini na ya waliohama, akaandika "hayupo". Hakufuta hata jina moja. Baada ya wiki kadhaa, tuliosikia majina hayo tulianza kwenda kuwatafuta wenyewe, wawili wawili, wa kabila hili na wa kabila lile. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi hadi leo, na nafasi zao tunazijua.

Daftari hilo tunalo, na litawekwa mezani siku ya sherehe mlione. Kwenu vijana mnaopokea kijiti: jifunzeni noti, nunueni vyombo, tungeni nyimbo mpya. Lakini anayekosa mazoezi msimfute. Mwiteni jina, kisha mwende kwake.

Hadi hapa Bwana ametusaidia.

Katibu, kwa niaba ya kwaya