Damu ya Bandarini na Ngazi za Odessa

Katika mji wa Odessa, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi nchini Ukraine, ziko ngazi za mawe zishukazo kutoka mjini hadi bandarini. Zilijengwa baina ya mwaka 1837 na 1841 zikiwa na vidato 200, na leo vimebaki 192. Aliyezichora alizifanya pana chini na nyembamba juu, akazikatiza kwa vituo 10 vya kupumzikia. Kwa sababu hiyo, asimamaye juu huona vituo vitupu, vidato vikamfichika. Naye asimamaye chini huona vidato tu, kama ukuta usio na pa kutulia. Ngazi ni zile zile, lakini kila jicho hupewa habari yake.

Hapo ndipo Sergei Eisenstein, kijana wa miaka 27, alipopigia mwaka 1925 tukio lililoipa umaarufu filamu yake bubu, Manowari Potemkin. Serikali ya Kisovieti ilitaka kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi yaliyoshindwa ya mwaka 1905, naye akachagua kisa cha mabaharia walioasi kwa sababu ya nyama yenye funza.

Filamu, kama shairi, hujengwa kwa vipande, na tukio hili halifahamiki ila kwa kukifuata kipande baada ya kipande. Kwanza ni furaha. Watu wamejaa ngazini wakiipungia mikono manowari iliyoasi: bibi mwenye mwavuli mweupe, mama na mwanawe, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kubana puani, kijana asiye na miguu. Kisha huja maandishi ya neno moja: Ghafla. Kichwa cha mwanamke mwenye nywele nyeusi hutikisika katika vipande vifupi mno, kila kimoja kikikatwa kabla jicho halijakishiba. Mwavuli mweupe humjia mtazamaji mpaka ukajaza kiwambo chote. Asiye na miguu hujirusha kwa mikono, kidato kwa kidato. Ndipo kamera hukaa nyuma ya askari, na mtazamaji akauona umati unaokimbia kwa upande wa wale wanaoupiga risasi.

Nyuso za askari hao hazipewi nafasi. Huonekana migongo, kanzu fupi nyeupe, bunduki zilizoelekezwa mbele na mabuti yashukayo kwa hatua zilizopimwa. Umati hauna mizani: huanguka, hugongana, hutawanyika pande zote. Askari ndio wenye mizani, na mizani hiyo ndiyo itishayo. Mwenye mbio angezimaliza ngazi hizo kwa muda mfupi, lakini hapa kukimbia huchukua dakika kadhaa, kwa kuwa Eisenstein huurudia mteremko ule ule kwa macho mengine, kama mshairi aurudiapo mshororo wa kituo ili uzidi kuchoma.

Katikati ya mteremko, mwelekeo hugeuzwa. Mtoto wa yule mama amepigwa risasi, na miguu ya wakimbiao yamkanyaga mkono. Mama hugeuka, humbeba, hupanda peke yake pale ambapo wote washuka. Vivuli vya askari hulala juu ya vidato, naye huingia ndani ya vivuli hivyo akiomba wasipige. Hupigwa. Baadaye mama mwingine, kijana, hushika tumbo lililotobolewa na risasi. Aangukapo, mwili wake husukuma kigari cha mwanawe mchanga. Sasa mshuko wenye mizani wa mabuti hugeuka kuwa mbingiriko wa magurudumu. Kigari hupinduka, na hapo hapo kipande hukatwa: mwisho wa mtoto hauonyeshwi. Mpanda farasi huinua kitara, hukipiga mara baada ya mara, lakini upanga hauonekani ukigusa mwili. Kinachofuata ni yule mwanamke wa miwani, kioo kimevunjika, jicho lavuja damu, kinywa wazi. Pigo lenyewe hulitia mtazamaji kwa mkono wake.

Kwa nguvu hiyo ya kumshirikisha mtazamaji, filamu iliziogopesha serikali. Uingereza iliizuia mpaka mwaka 1954. Na kwa nguvu hiyo hiyo watu wengi duniani waliamini kwamba mauaji yalitendeka kwenye ngazi hizo kama yalivyopigwa.

Hayakutendeka hivyo. Mwezi Juni 1905 maiti ya baharia Vakulinchuk ilishushwa pwani ya Odessa, na maelfu wakaja kuitazama. Usiku, bandari ilipowaka moto, askari walifunga njia na kupiga risasi. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa moto. Kilio kilikuwa bandarini, gizani, penye moshi. Msanii alikihamishia ngazini, mchana kweupe.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki haoni jambo geni hapo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na jeshi la Herekali. Wanahistoria husema kwamba katika safari ya Tabuk, mwaka 630, jeshi la Warumi halikutokea, na Mtume alirejea bila ya mapigano. Lakini Jaafar bin Abi Talib alikuwa ameuawa kweli, mwaka 629, huko Mu'ta, na kifo hicho ndicho kiwashacho moto wa utendi. Mtunzi wa Pate alihamisha mapambano kama alivyofanya msanii wa Odessa. Hakuna aliyebuni damu isiyomwagika; kila mmoja aliipeleka pale ambapo sauti yake ingesikika mbali.

Hata hivyo uhamishaji una gharama yake. Kabla ya mauaji, filamu humwonyesha bwana mmoja akiuchochea umati dhidi ya Mayahudi, na umati ukamgeukia yeye ukampiga. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule wa 1905, katika mji huo huo, umati haukumgeukia mchochezi. Mayahudi wasiopungua 400 waliuawa, na hao hawakujengewa kipande hata kimoja. Filamu iliyowalilia waliopigwa risasi na askari wa Tsar haikuwalilia waliouawa na jirani zao.

Mwaka 1955, miaka 50 baada ya maasi, ngazi zile zilipewa jina la manowari. Mji ukajiita kwa filamu, na wageni huzishuka wakitafuta mahali kigari kilipopita. Chini kabisa, vidato vinapokwisha, ndipo bandari inapoanza, na huko ndiko walikokufa watu wa mwezi Juni. Aliyesimama juu haoni vidato. Sharti ashuke hadi chini, ageuke, atazame tena.